Wiki Mbili za Mektrida

Kibosho,
8 Novemba 1998

Kaka Primus,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Doris na watoto hamjambo huko Dar es Salaam. Huku tunaendelea. Kahawa tumemaliza kuchuma, ng'ombe anatoa lita nne, na mdogo wetu Leodegar ana afya nzuri kuliko mimi.

Nisizunguke. Naomba wiki mbili. Siombi saruji wala shuka kama za kila mwaka. Ukija Krismasi, ukae wewe na Leodegar wiki mbili, mimi niende kwa shangazi Anaeli kule Chekereni nikalale. Tangu tumzike mama mwaka themanini na nne sijalala mbali na huyu mtu hata siku moja. Ana miaka ishirini na saba, ana nguvu za fahali, na kelele zikimzidi anagonga kichwa ukutani mpaka majirani wanatoka nje. Juzi redio ya jirani ilimvuruga, akanisukuma nikaangukia jiko. Mkono unapona. Hakukusudia.

Nikuambie jambo, usiwaambie wazee. Wiki iliyopita nilimfunga kamba mguuni, nikaifunga kwenye nguzo ya banda, nipate kwenda dukani. Niliporudi mguu umechubuka, naye amekaa kimya ananitazama begani, maana machoni hatazami. Nililia sana. Siku hiyo nilijiogopa.

Kuna mwalimu mjini Moshi, Mama Kindness, ana binti kama Leodegar. Kila mwezi anatukusanya wazazi na ndugu saba, tunakunywa chai na kusema yale yasiyosemeka kwenye jumuiya. Ndiye aliyeniambia hali hii inaitwa usonji, mtu huzaliwa nayo, wala si laana kama baba mdogo Sirili anavyotangaza. Akaniambia pia, "Mektrida, mlezi naye hulelewa." Basi mimi nani ananilea?

Wiki mbili tu. Nijibu.

Mdogo wako,
Mektrida


Dar es Salaam,
24 Novemba 1998

Mdogo wangu Mektrida,

Marahaba. Sisi wazima, ila joto la huku linatupika. Na huo mkono je? Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa hasira. Kamba? Mtoto wa mama yetu afungwe kama mbuzi? Mama angekuwa hai angesemaje?

Najua unachoka. Hata mimi nachoka. Nimepandishwa cheo, wakubwa wananipigia simu mpaka Jumapili. Tutafika tarehe 21 kama kawaida, na safari hii kuna jambo zito. Wazee wa ukoo watakuja kuchinja mbuzi wa Krismasi. Mila unaijua: kihamba cha nyumbani, migomba na kahawa na nyumba yenyewe, ni cha mziwanda, yaani Leodegar. Sasa baba mdogo ameanza kusema eti asiyesema harithi. Nataka wamwone mdogo wetu kama mwenye mji. Wewe usipokuwepo nani atamtuliza?

Hayo ya Chekereni tutayaongea nikifika. Ninakuletea redio kaseti mpya.

Kaka yako,
Primus


Kibosho,
21 Desemba 1998, asubuhi

Kaka Primus,

Shikamoo, na karibuni nyumbani. Poleni na safari. Mkisoma barua hii mimi niko kwenye gari la mchele nateremka Chekereni. Leodegar yuko kwa jirani Eliona anawasubiri. Nitarudi tarehe nne Januari.

Nilitaka kukuaga uso kwa uso, nikajua utanizuia kwa maneno matamu, nami ningebaki.

Akiamka usimsalimie, mwache anywe uji kwanza, bakuli la bluu. Ndizi na maharage visigusane. Usimguse kutokea nyuma. Ukitaka kumwambia jambo, liseme mara moja, kisha unyamaze. Anaweza kuchukua dakika tano, lakini amesikia. Ukirudiarudia, hizo dakika zinaanza upya. Redio yako iache garini. Na hili naandika kwa herufi kubwa: SIKU YA KUCHINJA ASIWEPO. Mbuzi hajalia, awe amekwisha kufika kwa Eliona.

Usinifuate. Nikikuona nitarudi, na nikirudi sasa, sijui nitafanya nini.

Mdogo wako,
Mektrida


Kibosho,
25 Desemba 1998

Mektrida,

Salamu baadaye. Leodegar amepotea tangu jana saa tano asubuhi. Tumepita mashamba yote hadi msituni, padri ametangaza kanisani, hakuna aliyemwona. Amevaa shati tu, na huku ukungu umeshuka, baridi inauma.

Nampa Eunike muuza mchele barua hii, ameapa atakufikishia mkononi kesho mchana. Sijui hata nimwite vipi. Nikiita jina lake haitikii, hajawahi kuitika. Wewe unamwitaje?

Njoo.

Kaka yako,
Primus


Kibosho,
28 Desemba 1998

Mdogo wangu Mektrida,

Hujambo? Hukuja wala hukujibu. Silaumu, nauliza tu kama u mzima.

Amepatikana. Juzi alasiri mlinzi wa mashine ya kumenya kahawa alimkuta ndani ya tanki tupu la kuoshea, amejikunja, midomo imekauka. Yu hai, anakunywa uji.

Nikueleze ilivyokuwa, maana utaisikia kwa wengine. Maelekezo yako niliyafuata yote isipokuwa lile la herufi kubwa. Wazee walikuwa wamekwisha kukaa, mbuzi ameletwa, baba mdogo Sirili akauliza kwa sauti, "Mwenye mji yuko wapi? Mbona mbuzi wake anachinjwa na wageni?" Wakacheka. Nikaona aibu. Nikaenda kwa Eliona nikamshika Leodegar mkono, nikamleta, nikampa bakuli la kukingia damu ya kisusio, ile supu yetu ya sikukuu, mbele ya wanaume wote. Nilidhani nampa heshima.

Mbuzi alipolia, naye alilia. Alitupa bakuli, damu ikawarukia wazee kwenye mashati ya Krismasi, akaniuma mkono, akaruka uzio. Baba mdogo akasema, "Si mmeona?" Nilisimama pale nikitafuta jibu la kumpa baba mdogo badala ya kumkimbilia mdogo wangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko meno yake.

Kule kwenye tanki watu walitaka kumvuta kwa nguvu. Nikawaomba waondoke. Niliingia nikakaa mbali naye kidogo, nikasema mara moja, "Twende nyumbani," nikanyamaza. Hizo dakika tano zako zilikuwa ndefu, Mektrida. Mwishowe akainuka mwenyewe.

Leo zimetimia siku saba tangu tufike. Jana alimwaga uji mara tatu nikanyanyua mkono nimpige, Doris akaudaka. Nikatoka nje, nikajikuta natazama ile nguzo ya banda. Kamba yako bado inaning'inia. Niliiangalia kwa muda mrefu. Nisamehe ile barua yangu ya Novemba.

Kaka yako,
Primus


Chekereni,
30 Desemba 1998

Kaka Primus,

Shikamoo. Shangazi Anaeli anakusalimu. Mkono wako unaendeleaje?

Barua yako ya kwanza ilinifikia tarehe 26 mchana, nipo kwenye majaruba naangalia watu wakipandikiza mpunga. Nimeshindwa kumwambia mtu yeyote hili, nitakuambia wewe. Nilisoma "amepotea", na kitu cha kwanza nilichofanya, kabla ya hofu, kabla ya kumtaja Mungu, nilipumua. Kwa dakika moja nilipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Niliwaza, basi, imekwisha.

Ndipo nikaona nilichokiwaza. Sikuweza kuja. Ningewezaje kumtafuta kwa miguu hiyohiyo? Nikaingia ndani nikalala hadi kesho yake alasiri, shangazi akidhani naumwa. Asubuhi ya 28 nilitoka kwenda barabarani, nikasimama, nikarudi. Jana Eunike akaja na barua yako ya pili. Nilipofika pale kwenye "yu hai" nilikaa chini kwenye tope.

Nampenda, kaka. Na dakika ile ilikuwa ya kweli. Sijui mtu wa namna hii anarudije kumpikia uji. Labda mtafute mwingine. Labda mimi si mtu wa kuachiwa mgonjwa tena.

Mdogo wako,
Mektrida


Kibosho,
2 Januari 1999

Dada yangu,

Marahaba. Mkono umepona, limebaki kovu, na ninalistahili.

Doris amerudi Dar na watoto. Mimi nimebaki. Nimeomba likizo bila mshahara hadi mwisho wa Februari. Wakikataa, nitajua la kufanya. Kuanzia mwaka huu Juni na Desemba ni zamu yangu, nimeandika na kusaini mbele ya wazee. Kuhusu kihamba nimewaambia ni cha Leodegar, na asiyekubali aje akae naye siku saba kwanza. Mpaka leo hajatokea hata mmoja.

Sasa hiyo dakika yako. Usiipeleke kwa padri. Mimi nilipanda basi la Dar wiki tuliyomzika mama, na nilipumua hivyohivyo. Nimepumua miaka kumi na minne, na kupumua huko nikakuita kazi.

Usije tarehe nne. Lala.

Kaka yako,
Primus