Saa Kumi Kwenye Kitabu

Jumatatu, 14 Oktoba

Afisa wa kazi amekuja bekari leo. Mama mpole, viatu vimejaa vumbi la Koboko. Akasema aliye chini ya miaka kumi na minane asipite saa saba za kazi kwa siku. Na kuanzia saa moja jioni mpaka saa moja asubuhi — marufuku! Bosi Dramadri akaitikia kila neno, akamfungia mkate wa moto.

Alipoondoka tu, bosi akaniwekea kitabu cha mahudhurio mezani. Watoto wote watatu wanaofanya kazi hapa niwaandike wameingia saa tatu, wametoka saa kumi. "Annie, wewe andika tu."

Nikaandika.

Candiru ndiye mdogo kuliko wote. Miaka kumi na mitano, anatembea kutoka upande wa Abuku. Saa kumi na mbili jioni akachungulia kitabu, unga mpaka kwenye nyusi. Akacheka. "Dada Annie, kumbe mimi iko nyumbani sasa!"

Alhamisi, 17 Oktoba

Oda ya harusi. Tumemaliza saa mbili kasoro robo, nje giza tupu na tope. Candiru akavaa sweta yake nyekundu, akaaga, akaenda mbio. Kwenye kitabu nilishaandika ametoka, tangu mchana, hata saa kumi yenyewe haijafika.

Nimechoka. Mgongo!

Jumamosi, 19 Oktoba

Jana Candiru hakuja. Leo amekuja mama yake. Alidhani mtoto amelala kwa shangazi hapa mjini. Shangazi hajamwona.

Bosi akafungua kitabu mbele yake. "Ona, Mama. Saa kumi." Mama Candiru akapitisha kidole juu ya mwandiko wangu, polepole, kama anapapasa uso wa mtu. "Basi alitoka na jua," akasema. Akashukuru! Akaenda kuwauliza watu wa barabarani, wale wa mchana.

Mimi nilikuwa pale pale. Nikaendelea kupanga mikate.

Jumatatu, 21 Oktoba

Wamepatikana waliomwona. Muuza nyanya. Mwanafunzi mmoja. Na Angelo wa bodaboda, ambaye tunasali naye kanisa moja na sijawahi kumsikia akidanganya.

Nikamfuata stendi. Ni Alhamisi kweli, Angelo? Kweli kabisa. Saa kumi na nusu, karibu na kalvati, pale maji yanapopita chini ya barabara.

"Kulikuwa jua au giza?"

"Jua, dada. Sweta nyekundu. Nilimsalimia, hakujibu. Alikuwa anaangalia mbele tu."

Saa kumi na nusu Candiru alikuwa kando yangu, anapaka mafuta vyombo vya kuokea. Sweta ilikuwa imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Niliiona!

Basi Angelo alimsalimia nani?

Jumanne, 22 Oktoba

Nimemwuliza Peace, mpishi wa tanuri. Alhamisi tulikuwa wote. Akasema, "Si alitoka saa kumi?" Nikamkumbusha oda ya harusi, giza, tope. Akaniangalia kama mgonjwa. "Annie, kitabu inasema saa kumi."

Hakuwa ananificha kitu. Anaamini.

Usingizi hauji. Nafumba macho nimwone Candiru akiondoka gizani, namwona akitoka na jua. Kivuli chake kinamtangulia getini. Nawasha taa. Najua sivyo ilivyokuwa. Najua! Lakini picha inarudi, na kila ikirudi inakuwa safi zaidi.

Jumatano, 23 Oktoba

Bosi amenivuta stoo. Serikali ikijua, bekari inafungwa, watu kumi na wanne wanakosa kazi. Halafu, kwa sauti ya chini, "Na mwandiko ni wa nani, Annie?"

Jioni Mama Candiru akaja tena, akakaa kwenye gunia la ngano. Sauti imemwisha. Kitu kimoja tu alitaka. "Wewe ulimwona akitoka. Aliaga vizuri?"

Nikamwambia yote. Saa mbili kasoro robo, si saa kumi. Kwamba niliandika uongo. Kwamba wamemtafuta siku nne kwenye saa ambayo hakuwepo.

Nilingoja anipige. Akauliza tu, "Na yule waliyemwona?"

Sijui, Mama. Sijui.

Akatazama simu yangu. Saa moja na nusu. "Twende sasa. Tuulize watu wa giza."

Nikawapigia polisi simu njiani, nikasema saa ya kweli na jina langu. Wakasema wanakuja. Baada ya kalvati kuna ghala la mbao. Mlinzi wake ni mzee Tongun, anaingia kazini saa moja jioni. Mchana hayupo. Nani angemwuliza?

"Msichana wa sweta nyekundu? Ndiyo. Alipita hapa Alhamisi usiku, anakimbia. Nyuma yake pikipiki haina taa. Msichana akakata kwa njia ya mtoni." Akatushangaa. "Mimi nasema, mbona hakuna mutu anakuja kuuliza?"

Mama Candiru akachukua tochi ya mzee, akashuka mtoni. Ameniambia nibaki barabarani niwaonyeshe polisi. Nimekaa kwenye mbao, naandika kwa mwanga wa simu. Tochi naiona kule chini, inapita kwenye majani marefu. Anaita jina. Anaita tena.

Sasa ameacha kuita. Tochi imesimama mahali pamoja, haisogei —