Siku Tatu za Kimya

Tarehe 4 Machi

Kwako Bibi Maswali, binti yangu,

Kuna barua pepe moja niliizuia miaka kumi na tisa iliyopita, na sijamwambia mtu hadi leo. Nimetanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitapata visingizio. Sasa nikusalimu: hujambo? Wajukuu wangu je? Mimi nakwenda kwa mwendo wa mgonjwa. Moyo unagonga kama fundi mvivu. Kaka yako ananitunza vizuri, ila chai yake ni maji yaliyosikia habari za majani.

Umeniandikia kuwa tarehe 23 utasimama mbele ya wizara kupinga kile kifungu cha sheria kinachoruhusu mtandao kuzimwa kwa sababu za usalama, nao wanakujibu kwamba asasi za kiraia zenyewe zilikiridhia, hakuna hata moja iliyopinga, na mwenyekiti wao alikuwa baba yako.

Sikiliza. Asasi zilikuwa arobaini, na tulijadiliana kwa barua pepe. Kanuni yetu ilikuwa nzuri: tamko likitumwa, kila asasi, kubwa kwa ndogo, ina siku tatu za kupinga. Pingamizi moja tu linasimamisha kila kitu, tuzungumze upya. Kimya ni ridhaa. Wizara ilikuwa imeniahidi: mkija na sauti moja, mtapata kiti cha kudumu mezani. Nikatuma tamko la kukiridhia kifungu, na siku ya pili pingamizi likaja. Lilitoka anwani mpya, kwa hiyo lilihitaji ruhusa ya msimamizi ili liwafikie wengine. Msimamizi nilikuwa mimi. Nililiacha lisubiri mpaka siku ya tatu ikapita.

Nakala yake imo ndani ya kamusi kubwa niliyokupa ulipoolewa. Itumie. Jina langu lisikuzuie. Halina safari ndefu tena.

Baba yako


Tarehe 13 Machi

Baba, shikamoo.

Watoto hawajambo, wanakuulizia. Moyo unaendeleaje? Nilikukasirikia siku tatu kamili, kwa kanuni yenu. Siku ya nne nikaenda kukutafutia soksi za sufu. Zimo kwenye kifurushi hiki pamoja na majani ya chai; mwambie kaka majani hayaliwi na macho, yanatiwa ndani ya birika.

Kamusi nimeifungua. Miaka yote hii watoto wameikalia ili waifikie meza! Karatasi haina jina la mtu, imeandikwa tu “Chama cha Wakunga”. Nikasoma: “Mtandao ukizimwa, mzazi anayevuja damu nitamwitia gari kwa filimbi?” Huyu ni marehemu Mama. Nani mwingine angewauliza wakubwa habari za filimbi?

Sasa naelewa kwa nini aliacha kwenda kwenye mikutano yenu. Niliwahi kumuuliza, akacheka, akasema, “Maneno yangu mepesi, mwanangu. Upepo unayachukua.”

Nitaisoma mbele ya wizara, na jina lake nitalitaja. Na wewe nitakutaja. Ulinifundisha mwenyewe kwamba tukidai serikali ifungue madaftari yake, tuanze na yetu. Lakini kabla sijasimama, nijibu moja tu: Mama alijua kuwa barua yake haikufika?

Upone, Baba. Nakupenda, hata nikikusuta.

Bintiyo, Bibi Maswali


Tarehe 21 Machi

Mwanangu,

Soksi zimenienea, na chai sasa ni chai. Kaka yako atapanda basi kesho akuletee hii mkononi, ikufikie kabla ya kikao.

Nitaje. Usinipunguzie hata neno.

Kiti tulikipata. Nilikikalia miaka sita, kiti kizuri, kina mto. Nikiwa juu yake mtandao ulizimwa mara mbili. Mara ya kwanza mama yako alirudi kutoka zamu, akavua viatu mlangoni, akaviosha damu. Mara ya pili aliifua sare yake mara tatu, na mimi nikamwanikia.

Unauliza kama alijua. Hakujua. Asubuhi ya siku ya nne, tamko likiwa limeshatangazwa, alinikuta nanyoa ndevu. Akasimama nyuma yangu na taulo langu begani. “Mwenyekiti,” akasema, maana ndivyo alivyokuwa akinitania, “na yangu, wameisoma?”

Ningeweza kumwambia imekwama njiani. Hata uongo huo ungemwachia heshima yake. Nilimtazama kwenye kioo, nikamwambia wameisoma wote arobaini, na hakuna aliyeiona ina uzito.

Baba yako