Mama Alingoja Mashine Yako

Beni, Beu, Machi 2003

Mdogo wangu mpenzi Kambere,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, na baridi ya huko Ubelgiji isikuvunje mifupa. Sisi tungali wazima. Delphin na mimi bado tunafundisha ingawa mshahara hauji. Kutoka Mbau watu wanakimbia tena, magodoro kichwani, na nyumba yetu imejaa wageni. Majani ya sombe tunapika sufuria mbili na hayatoshi. Tunamshukuru Mungu, tunapumua.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Padri Ésaïe. Umeuliza kwa ukali kwa nini Mama hakupelekwa Butembo mapema kupigwa picha ya kifua, ukasema mume wangu aliogopa barabara. Kambere, umemkosea Delphin. Alitafuta gari zaidi ya mara moja, na kila mara Mama alikataa kupanda. Sikutaka kukuambia sababu, lakini sasa umenilazimisha.

Barua zako za mashine unayoitengeneza huko, mimi ndiye niliyemsomea Mama. Ulipoandika kwamba unatafuta namna ya kupinda kipande cha kristali, chembamba kama ukucha, ili kitenganishe miale ya X inayokaribiana mno, Mama alitaka aone. Nikachukua lungo, nikaweka maharagwe ukingoni: hapa shaba inayotoa miale, hapa kristali, hapa kile kinachoipokea, vyote juu ya duara moja. Mama alicheka sana, akasema kumbe miaka yote hii unasomea kupepeta. Na kristali uliyoibandika kwa gundi ilipopasuka ukaanza kuchora upya, alisali rozari kwa ajili ya gundi yako.

Kisha kikohozi kikamshika. Jirani yetu Berthe alimsihi aende hospitali, lakini Mama alikuwa na hesabu yake: kama mashine ya mtoto wake inatenganisha hata vitu vinavyofanana, basi itauona ugonjwa wenyewe. “Ile ya hôpital inaona mifupa tu,” alisema. “Miye nitangoja ya Kambere.” Hakuna aliyemweza. Unamjua mama yako.

Alipoanza kutema damu, nilimdanganya. Nilimwambia mashine yako imefika Butembo. Akavaa kitenge chake cha Pasaka, akapanda pickup bila kushikwa mkono, na kwenye kila kizuizi akawaambia askari kwamba anaenda kuona kazi ya mtoto wake. Tulipofika nilimnong’oneza fundi wa picha, Hippolyte, mtu wa Kasai, naye akanielewa. Akamwambia, “Mama, ni hii. Mutoto wako alitutumia.” Mama aliipangusa kwa ncha ya kitenge, kisha akasimama mbele yake wima, kama bibi harusi mbele ya mpiga picha.

Daktari alinivuta kando. Ugonjwa ulikuwa umekula mapafu yote mawili. Akaanza kusema kwamba kama tungekuja mwaka uliopita, labda. Sikumwacha amalize.

Sasa sikia dhambi yangu. Nilijua tangu mwanzo kwamba mashine yako ni ya kuchunguza metali, wala haitampima mgonjwa yeyote. Uliandika wazi, na Kifaransa nakisoma. Sikumwambia, kwa sababu alikuwa akijivuna sokoni kote, nami nilijivuna pamoja naye. Usimlaumu Delphin, wala usiilaumu kazi yako. Nilaumu mimi. Roho inaniuma, Kambere, inaniuma hata ninapofundisha.

Siku aliyofariki alinishika mkono, uso wake umetulia. Akasema, “Myaka mingi Kambere hapana kuniona. Sasa ameniona mpaka mu ndani.”

Hippolyte hajaacha kuwaambia wagonjwa kwamba mashine ile ilitengenezwa na mtoto wa yule mama wa Beni. Ukija kuona kaburi, watu wa pale watakushika mkono wakushukuru. Nakuomba, mdogo wangu, usiwasahihishe.

Delphin anakusalimu, barua yako sijamwonyesha. Watoto wanamuulizia mjomba wao. Kula vizuri, vaa vizuri, na utuombee misa ya Mama kanisani huko uliko.

Ni mimi dada yako anayekulilia,
Kavugho