Nani Kakufungulia Mlango wa Udaktari?

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, natumaini nawe hujambo na mgongo umetulia, maana kuinamia magari ya watu kutwa nzima si mchezo. Kaa kwanza. Nimechaguliwa kusomea udaktari. Alama zangu za sekondari unazijua, za wastani, lakini chuo hiki kinapokea pia waliokwisha kupata shahada. Walitazama shahada yangu ya baiolojia, wakanipa mtihani wao, kisha wakanihoji. Waliniuliza zaidi kuhusu miaka ile ya kuwaogesha na kuwalisha wazee kwenye kituo cha kuwatunza, kazi uliyoiita ya kupoteza muda.

Binti yako

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, na mama yako ameshatangaza mtaa mzima. Mimi sijatangaza. Kemia ulipita chupuchupu, na kijana wa jirani mwenye alama za juu kabisa kakosa nafasi. Halafu wewe upate? Gereji imenifundisha kwamba gari likinipendeza mno, nafungua boneti kwanza. Niambie ukweli, nani kakufungulia mlango? Kuna mkubwa? Anataka nini kwako? Na tangu lini kuogesha watu kukawa somo?

Baba yako

28 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini mu wazima huko. Nilinyamaza kwa sababu maswali yako yaliniuma. Sasa usajili wangu umesimamishwa. Kuna mtu kapiga simu chuoni, wakaelewa kwamba vyeti vyangu ni vya kughushi. Vinachunguzwa, na masomo yanaanza wiki ijayo. Namshuku mwenzangu niliyepanga naye chumba. Naye aliomba, akakosa, na hapa ni yeye tu aliyezijua alama zangu. Nimemtolea maneno mabaya mpaka amehama. Mama asijue.

Binti yako

2 Mei

Mwanangu,

Natumaini afya yako njema. Mimi usingizi umenikataa. Aliyepiga simu ni mimi. Sikusema umeghushi. Niliuliza tu kama vyeti wamevikagua vizuri, maana mtoto huyo namfahamu, hawezi. Waliponiuliza mimi ni nani, nikaingiwa na woga, nikakata. Nilihofu kuna mwanamume anakuchezea. Nimewapigia tena kujieleza, hawaniamini. Nitakuja niseme mbele yao. Yule dada mwombe radhi, hana kosa.

Baba yako

17 Mei

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Vyeti vimeonekana halali, nimeanza masomo nikiwa nyuma ya wenzangu. Yule dada nilimfuata nikamwomba radhi. Salamu anaitikia, kurudi chumbani hataki.

Wewe usije kwanza. Adui angesema nimeghushi, ningemwelewa. Wewe ulisema siwezi.

Jana walitaka kila mwanafunzi aandike mtu wa kupigiwa simu akipatwa na jambo. Nimemwandika mama.

Mwanao