Hatua Nilizotembea Nikiwa Kitini

Bakkeveien 11,
Sandnessjøen,
Norwei.

Jumapili, 18 Februari 2024

Mpendwa mdogo wangu Aslaug,

Salamu nyingi kutoka jikoni unakokujua, meza ile ile, ila pazia nimebadilisha. Hujambo wewe? Goti lako linaendeleaje? Shemeji Graeme na mgongo wake wanapatana siku hizi? Na mjukuu wako kwa Signe, ameshaota meno? Mimi sijambo, nashukuru. Sukari imeshuka kidogo, masikio bado yanasikia, na jua limerudi tangu Januari, ingawa linachungulia na kuondoka kama mgeni asiyetaka kuvua koti.

Kwanza niwie radhi. Juma lililopita ulipokuta daftari langu la chakula na matembezi limefungwa kule mtandaoni, uliniandikia ujumbe mara tano kwa siku moja, na wa mwisho uliuliza umenikosea nini. Mimi nikakujibu maneno matatu tu: mzima, barua inakuja. Ndivyo tulivyolelewa, kusema machache na kumwacha mwenzio ahangaike.

Hujanikosea, Aslaug. Au tuseme tumekoseana, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Kwenye simu ningelia, nawe usingeambulia neno.

Unakumbuka ilivyoanza. Aprili mwaka jana nesi Maiken wa zahanati aliniambia sukari inapanda, niandike kila ninachokula na kila ninapotembea. Akanionyesha programu ya simu, nami nikanunua ile saa ya mkononi inayohesabu hatua. Maiken alitaka tuyaone mimi na yeye, basi. Lakini programu yenyewe iliniuliza kama ningependa na wengine waone. Mume wangu Oddvar alikuwa na miaka miwili kaburini, nyumba kimya, redio ndiyo pekee inayoniambia habari za asubuhi. Nikabonyeza ndiyo kabla sijamaliza kusoma swali.

Ndivyo nilivyoingia kwenye kikundi cha watu arobaini na wawili, mimi nikawa wa arobaini na tatu, nikakuvuta na wewe. Sikufichi, nilifurahi. Mama mmoja wa Bergen ambaye sijawahi kumtia machoni alinisifu kwa karoti zangu. Hata Oddvar, Mungu amrehemu, hakuwahi kunisifu kwa karoti, na alizila miaka arobaini.

Na wewe ulikuwa ukiniwekea moyo mwekundu kila siku. Nikiamka naukuta umeshafika, maana asubuhi yangu ni jioni yako. Nilikuwa nauangalia kabla sijavaa miwani, kwa sababu rangi yake niliiona hata bila miwani.

Sasa nikwambie jambo ambalo nimelitafuna muda mrefu. Kabla ya hapo ulikuwa ukipiga simu kila Jumapili, ukiniuliza nimekula nini. Mimi nilikuwa nakudanganya kidogo, wewe ukanijua kwa sauti, ukanigombeza, tukaishia kucheka. Ulipoanza kuona picha za sahani zangu, Mei ulipiga mara mbili, Juni mara moja. Mwisho ulikuwa Septemba, siku ya kumkumbuka Oddvar, tukaongea dakika kumi na moja. Sikulaumu. Nani apige simu kuuliza jambo lililokwisha kuandikwa na picha juu yake?

Lakini tangu uanze kuona ninachokula, hukuniuliza tena nimekula nini. Nilipoligundua hilo niliumia, na bado linauma ninapoliandika.

Nakuja kwenye lile nililokuficha. Jumamosi tarehe 14 Oktoba nilikuwa nateremka kile kilima chetu cha Kråkhaugen, nikateleza pale kwenye jiwe refu ambapo baba alikuwa akitugawia chokoleti. Barafu nyembamba, haikuonekana. Sikuvunjika kitu. Nilikaa chini labda nusu saa nikingoja miguu ikubali kunibeba, na hakupita mtu. Saa ya mkononi ikanitumia ujumbe kwamba nimekaa muda mrefu mno, niinuke nijinyooshe.

Nyumbani niliandika hivi kwenye daftari: Kråkhaugen, kilomita nne na nusu, hewa safi. Nikapata mioyo kumi na tisa, na mmoja wako. Hakuna aliyeuliza mbona nimechukua saa tatu.

Baada ya siku ile niliogopa, Aslaug. Nilikuwa navaa viatu, nafika mlangoni, navivua. Nikamaliza juma zima sijatoka ila kwenda kutupa takataka. Nikasema potelea mbali, nitakaa nifume. Nikachukua sindano na uzi wa sufu, nikaanza sweta. Nilipoitazama saa, ikasema nimetembea hatua elfu mbili na mia nane.

Nikadhani imeharibika. Kumbe mkono unapofuma unacheza vilevile kama wa mtu anayetembea, na saa haina macho. Usiku kabla ya kulala nilikuwa nimeshatimiza kilomita tatu kwenye kiti cha Oddvar, miguu imefunikwa blanketi. Nikaziacha zikaenda kwenye kikundi. Makofi yakaja.

Basi nikaendelea. Majuma kumi na sita, mdogo wangu. Wenzangu wakipanda milima mimi nilikuwa nafuma, na siku ya kufuma mabegani, penye michoro ya waridi, nilivunja rekodi yangu mwenyewe, programu ikanipa medali. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kuliko zote, ilianzia kitini ikaishia kitini.

Na chakula pia. Ile sufuria ya kondoo na kabeji uliyoisifia mara nne ilikuwa sufuria moja. Niliipiga picha pande zote, nikazitoa kidogo kidogo hadi Novemba. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakula mkate mkavu na jibini ya kahawia, nimesimama kwenye sinki, kwa sababu ukisimama huhitaji kuandaa meza ya mtu mmoja. Ijumaa kikundi kizima kilikuwa kikionyesha zile chapati za mahindi na nyama ya kusaga ambazo siku hizi kila familia huku hula jioni hiyo, watoto wamezunguka meza. Mimi Ijumaa sikuweka kitu. Niliandika kwamba nimealikwa.

Aliyenifumania ni Torleif, jirani wa nyumba ya manjano. Unamjua, ndiye anayekitunza kile kitabu cha wapandaji kuandika majina, kwenye sanduku la bati kule kileleni Kråkhaugen. Kila mwisho wa mwaka anakaa nacho akihesabu majina, ili aliyefika mara hamsini apewe kikombe. Mimi vikombe vyangu vimefika sita kabatini. Safari hii alichelewa kuhesabu kwa sababu ya mafua, akaja kwangu Jumamosi ya tarehe 10.

Akagonga mlango. Hebu fikiria, Torleif kugonga mlango wa mtu bila taarifa. Alikuwa mwekundu hadi shingoni, kofia mkononi, hajui aitazame ngazi au anitazame mimi.

"Jirani, samahani kukuvamia," akasema. "Safari hii kikombe hukukipata. Umeishia arobaini na moja, na jina lako halipo tangu katikati ya Oktoba. Nikasema labda umehama."

Mimi, badala ya kunyamaza, nikakimbilia simu. Nikamwonyesha hatua zangu zote, medali, mioyo, na mama wa Bergen. Nikamwambia siku hizi natembea zaidi ya zamani, ila nimebadilisha njia. Akasoma taratibu, miwani puani. Kisha akaangalia sindano na sweta pale kitini, akaangalia na nje.

"Mimi simu hii siijui, mimi nasoma kitabu tu," akasema. "Lakini theluji ya mlangoni kwako haina nyayo, Gudveig. Za paka peke yake. Ulianguka?"

"Niliteleza kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

Hapo nikalia. Nililia kwa sababu ya hilo swali, Aslaug. Lilikuwa swali lako, la Jumapili, na lilinijia kutoka kwa mtu ambaye kwa miaka thelathini tumezungumza naye habari za mvua tu. Watu arobaini na zaidi waliniona nikitembea kila siku, na mzee mmoja asiyejua kutumia simu ndiye aliyeona kwamba sitembei. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kesho yake, ile Jumapili ya mikate ya krimu kabla ya Kwaresima, alikuja na vyuma vya kufunga chini ya viatu visiteleze, tukapanda pole pole. Usianze kucheka, ana mke, na mkewe ndiye aliyetufungia hiyo mikate. Tulipofika kwenye jiwe refu alinishika kiwiko, tulipolipita akakiachia. Kileleni nikafungua sanduku, nikaandika jina langu kwa penseli, vidole vimekufa ganzi. Mkate wangu tuligawana nusu kwa nusu kwa sababu ya sukari yangu. Saa ya mkononi nilikuwa nimeiacha kwenye droo ya vijiko.

Jumatatu nikaenda kwa Maiken nikaungama yote kuanzia sufuria hadi sweta. Hakunicheka. Alisema tu, "Mama, mimi niandikie ukweli, hata kama ni mkate mkavu mara tatu kwa siku. Picha nzuri haishushi sukari." Akanipa daftari la karatasi, na kila baada ya majuma mawili tutalisoma pamoja. Nilipotoka pale nikalifunga lile la mtandaoni.

Sisemi kuonyesha ni vibaya. Yule mama wa Bergen amepungua kilo tisa kwa sababu watu wanamwona, na alikuwa mmoja wa wawili walioniuliza nimepotelea wapi. Wewe hukuuliza nimepotelea wapi, uliuliza kwa nini nimefunga. Sikusemi kwa ubaya. Ni kwamba kuonwa kulimfanya yeye atoke nje, mimi kulinifanya nijifiche nyuma ya sahani. Nilikuwa na mioyo mingi kila asubuhi na sikuwahi kuwa mpweke namna ile, hata mwezi ule tuliomzika Oddvar. Wakati ule angalau hakuna aliyenipongeza.

Sweta lilikwisha juzi na nimelifunga pamoja na barua hii. Ni lako, kwa baridi yenu ya Juni huko kusini mwa dunia. Hatua zote ulizonipigia makofi tangu Oktoba zimo humo, hakuna hata moja iliyokwenda mahali pengine. Mkono wa kushoto umezidi kidogo, ni zile siku nilizokuwa na majonzi nikasahau kupima. Usilifue kwa maji ya moto.

Nisalimie Graeme, mwambie ugomvi wetu wa viazi haujaisha. Nisalimie Signe na mume wake, na umbusu mtoto kwenye mikunjo ya shingo. Torleif na mkewe wanakusalimu, ingawa Torleif atakana kwamba ametuma salamu. Bwana akuhifadhi katika kulala kwako na kuamka kwangu.

Limebaki moja. Torleif alipoondoka siku ile nilifungua daftari lako, nikalisoma kwa mara ya kwanza bila haraka. Umeogelea kilomita mbili kila asubuhi tangu Novemba, na goti lile. Samaki, saladi, matunda, picha nzuri, mwanga wa dirishani. Meza ni ile ile, lakini kiti cha Graeme hakionekani tena kwenye picha. Nimekuwekea moyo kila siku, Aslaug, na sijakuuliza kitu. Hata goti nimelikumbuka leo kwa sababu barua inadai salamu.

Kwa hiyo nitakupigia mimi, Jumapili ya kwanza ukishapata mzigo huu, saa moja jioni yangu, saa moja asubuhi yako ya Jumatatu. Andaa uongo wako, nami nitausikiliza kwa sauti kama ulivyokuwa ukinisikiliza. Nataka kujua umekula nini. Nataka kujua kama kweli unaogelea, mdogo wangu, au wewe nawe huko unafuma.

Wako akupendaye, asiye na medali,
Dada yako Gudveig