Ndoo Mbili za Stroberi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku tunaendelea vizuri, na safari hii niamini, maana najua barua iliyopita uliisoma ukisonya kwamba mdogo wako haeleweki. Vipi mgongo wako? Na shemeji, bado anakoroma mpaka mbwa wanamjibu? Msalimie sana.

Nakuandikia kushukuru. Stroberi zako zilifika salama, ndoo zote mbili. Dereva wa lori alizishusha mlangoni akisema njia nzima gari lilinukia manukato, na akakiri kwamba yeye na utingo wake wamezionja. Nimewasamehe.

Hali niliyokuwa nayo unaijua. Dawa ninazochomwa hospitali zilinitoa vidonda mdomoni, kila nikimeza ni kama nameza makaa. Daktari alinipandisha kwenye mizani akaniambia wazi kwamba nikizidi kupungua atasimamisha matibabu, kwa kuwa mwili hautazimudu dawa. Wifi yako akageuza jiko juu chini: supu, uji, viazi vya kuponda. Mimi nikawa natazama sahani kama mtu anayetazama picha za harusi ya watu asiowajua.

Ndoo zilifika wifi yako akiwa mguu nje, anakimbilia kazini. Mpishi wa shule akichelewa watoto watamla yeye. Aliniambia pale mlangoni kwamba stroberi hazingoji mtu, nizioshe na kuzigandisha, na nisisahau onyo la nesi kwamba tunda lolote nitakalokula lisafishwe sawasawa kwani kinga yangu imeshuka. Hakusema nizioshe vipi. Dada, mimi ni fundi saa. Ukimwambia fundi saa asafishe kitu, umeyataka mwenyewe.

Niliketi kwenye meza yangu ya kazi, nikavaa lenzi jichoni, nikatoa brashi mpya ya kusafishia magurudumu ya saa. Kila stroberi niliing'oa kikonyo kwa kibano, nikaisugua mbegu kwa mbegu, kisha nikaitumbukiza kwenye beseni la maji ikae itakate. Zilikaa kweli. Zikanywa maji mpaka zikalegea. Ndoo ya kwanza ilipokwisha nikazisomba zote zikichuruzika, nikazitia kwenye mfuko mmoja, nikausukumiza ndani ya friza. Nikajipongeza.

Kesho yake wifi yako alifungua friza akakuta jiwe jekundu. Alicheka hadi akakaa sakafuni. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu niugue, nami nikacheka mpaka vidonda vikanikumbusha. Akanipiga marufuku kugusa ndoo ya pili peke yangu. Alinionyesha kwamba stroberi huoshwa zikiwa bado na vikonyo vyake, upesi, kwa maji baridi yenye siki kidogo, zikasuuzwa, zikatandazwa juu ya kitambaa hadi zikauke kabisa. Hapo ndipo unatoa vikonyo, na zilizopondeka unaziweka kando za kupikia jamu. Nzima unazipanga kwenye sinia bila kugusana, zigande kwanza, halafu ndiyo ziingie mfukoni. Kazi ya kupanga nilipewa mimi. Kupanga vitu vidogo visigusane nimezaliwa nayo.

Lile jiwe hatukulitupa. Nililifunga kwenye taulo nikaligonga kwa nyundo ili vipande viingie kwenye blenda pamoja na maziwa. Kimoja kikaruka mezani, nikakiokota nikakitia mdomoni kabla sijafikiri. Nilitegemea ule uchachu unichome. Ubaridi ukatangulia, ulimi wote ukafa ganzi, kisha utamu ukafuata. Nikameza. Sikuumia. Nikachukua kingine. Wifi yako aligeukia sinki akaanza kuosha bakuli ambalo lilikuwa safi.

Tangu hapo ndiyo desturi yetu. Kabla ya kila mlo nafyonza stroberi chache zilizoganda, na kinywa kikishakufa ganzi nakula haraka kabla hakijazinduka. Asubuhi zinasagwa na maziwa. Jamu tunapaka kwenye mkate, na jirani yetu mshona viatu siku hizi anaishiwa chumvi kila tunapokaa kula. Juzi mizani ilipanda. Daktari alinishusha akanipandisha tena, akidhani imeharibika. Matibabu hayasimami.

Sasa kuna jambo lazima nikuambie. Asubuhi ile ndoo zako zilipofika, nilikuwa nimekwisha kuamua kutorudi hospitali. Hakuna aliyejua. Nilichoka, Dada, nilichoka kabisa. Nilipanga kumwambia wifi yako jioni akirudi, na maneno nilikuwa nimeyaandaa, mazuri, ya kumfanya asilie sana. Ndipo dereva akagonga. Nikajisemea ngoja nizisafishe kwanza, zisije zikaoza nikaacha lawama, halafu nitasema. Jioni alinikuta nimelowa hadi viwikoni, wekundu mpaka kwenye nyusi, akaniuliza imebaki kazi gani. Nikamjibu bado ndoo nzima. Yale maneno niliyoandaa sikuyatoa, wala siku iliyofuata sikuyatafuta.

Jana nilimweleza yote. Alinishika mkono mpaka chai ikapoa. Kisha akasema nikuandikie leo leo, kwa sababu wewe unadhani ulitutumia matunda tu.

Asante, Dada. Ulininyanyua nikiwa mdogo nikianguka, na sasa umeninyanyua tena bila hata kujua nimeanguka. Mungu akuzidishie.

Wifi yako anakusalimu sana na anasema upumzishe mgongo. Wasalimie wote hapo nyumbani. Mwambie shemeji kama ile saa yenu ya ukutani bado imesimama, asimpe fundi mwingine. Nitakuja kuitengeneza mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi