Debe la Dominika

Nyumba za Walimu,
Newala.
Jumapili, 19 Agosti 1956.

Mpendwa Kaka Ambrosi,

Shikamoo, Kaka. Naomba uipokee shikamoo hii sasa hivi, kabla hujasoma mbele, maana ukifika katikati ya barua huenda ukaninyima marahaba. Sisi hapa wote tu wazima. Stefano ameota meno manne na anayajaribu kwenye kila kitu, hata kiatu cha baba yake.

Na wewe je, mguu uliochomwa na mwiba wa mkonge umepona? Wifi Emilia aliniandikia kwamba ulikuwa unachechemea lakini hutaki kuonekana unachechemea. Hiyo tabia naijua, tumezaliwa nayo wote. Kama bado una usaha, nenda kwa daktari, usingoje mpaka kiatu kikukatae. Na kikohozi cha Wifi kimekwisha? Huko Korogwe nasikia ukungu wa asubuhi ni mzito.

Huku ni kipupwe. Upepo unavuma mchana kutwa na vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye chumvi. Ile mikorosho ya shamba letu la Mnyambe, uliyopanda pamoja na Baba Dominika ulipokuja likizo, imeanza kutoa maua. Mmoja tu ndio umekauka, ule uliopanda wewe kwa haraka kwa sababu ulikuwa unaogopa kulichelewa lori.

Kaka, katika barua yako ya Juni uliniuliza habari za Dominika mara tatu. Mwanzo uliuliza, katikati ukauliza, na mwisho pembeni mwa karatasi ukauliza tena. Nami nilikujibu kurasa mbili juu ya mikate. Najua uliona. Leo nimetoka kanisani, Stefano amelala, Baba Dominika amekwenda kumtazama mgonjwa, na nimeamua kukujibu ulichouliza. Lakini siwezi kufika kwa Dominika bila kupitia kwenye mikate, kwa hiyo nivumilie.

Unajua kazi yangu ya hospitali. Naingia wodi ya wazazi saa kumi na mbili asubuhi, natoka saa tisa, na mtoto wa mtu akiamua kuzaliwa saa tisa kasorobo basi sitoki. Mshahara wa mwalimu na wa mkunga msaidizi unatulisha, lakini haufiki shule ya bweni. Dominika yuko darasa la nne. Akifaulu mtihani wa Novemba ataingia shule ya kati ya wasichana, na huko wanataka sanduku, blanketi, sare, na ada. Ndiyo maana Oktoba mwaka jana nilimwambia Baba Dominika anijengee tanuri.

Alilijenga kwa udongo wa kichuguu, nyuma ya jiko. Mkate wangu wa kwanza chini ulikuwa jiwe na ndani ulikuwa uji. Mbwa wa jirani aliunusa akaondoka na heshima zake. Siku nyingine hamira ilikwisha dukani nikaumua unga kwa uraka, ile pombe ya mabibo. Uliumuka vizuri kupita kiasi, ila ilinibidi niwaambie majirani zangu Waislamu ukweli, na mikate yote ile tukaila wenyewe siku tatu. Baada ya Krismasi mkono ulizoea. Walimu wakanunua, makarani wa boma wakanunua, na mimi nikaanza kutembea kama mtu mwenye duka.

Mwezi wa Aprili walikuja wafanyakazi wa mabomba ya maji, wakapiga kambi karibu na sisi. Wanatandaza mabomba ya kutuletea maji huku juu, na wanataka mkate kila asubuhi pamoja na chai. Idadi ikapanda mara tatu. Nilifurahi, Kaka, sitakuficha. Nilikuwa nakanda jioni na kuoka alfajiri, naingia wodini mikono inanukia mkate, na wazazi wananiambia wanatamani.

Mvua zikakatika. Katikati ya Mei pipa lililo chini ya bati letu lilikauka. Wewe umelelewa Lukuledi, mto unausikia ukiwa umelala, na kwetu Newala ulikaa wiki moja tu, tena ya masika. Pengine hukuona vizuri jinsi maji yanavyopatikana. Yako chini, bondeni. Mwanamke anashuka jogoo la kwanza na kupanda lile genge na debe kichwani, anafika nyumbani saa nne. Maji ya kunywa na kupika tulikuwa tunayapata kwa zamu na jirani. Maji ya kukandia unga wa kambi nzima hayakuwa na mtu wa kuyabeba.

Nikamtoa Dominika shuleni. Nimeandika, na sasa limeandikwa.

Nilimwambia ni wiki mbili tu. Nilimwambia baba yake vilevile. Akasema, "Mtoto ni wa kwenu, na mjomba wake hayupo. Umemwuliza?" Nikamjibu kwamba wiki mbili si jambo la kumsumbulia mtu wa Korogwe. Wiki mbili zikawa tano. Wiki tano zikawa kumi na moja. Kila asubuhi Baba Dominika anasoma majina darasani, na akifika kwa binti yake mwenyewe watoto wanaitikia wote, "Yuko maji!" Anatia alama, anaendelea na jina linalofuata. Haya hakuniambia wakati ule. Nilikuja kuambiwa baadaye, na Dominika, aliyeambiwa na wenzake.

Na jambo lenyewe hili hapa, ambalo nimelizungusha kichwani mpaka limenichosha. Nilianza mkate ili Dominika asome, kisha nikamwachisha Dominika kusoma ili mkate uendelee. Wala sikuona. Nilikuwa na shughuli nyingi mno za kumtafutia shule.

Aliyenionyesha ni Bibi Fatu. Humjui. Ni jirani yetu wa nyumba ya tatu, mjane, anauza vitumbua pale njia panda. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu mababu, na tangu tulipogundua hivyo sijapata raha. Akipita anachukua mkate na kuondoka, nami nikipita nachukua kitumbua, na matusi juu yake.

Jumamosi ya tarehe 28 Julai nilikuwa na siku yangu ya mapumziko. Wanunuzi walikuwa wamesimama uani, watu wa kambi sita au saba. Dominika akatokea na debe. Bibi Fatu alikuwa nyuma yake. Akamsaidia kulitua, akayamimina maji kwenye mtungi wangu, kisha akaliinamisha debe tupu, akalikalia.

"Mama Dominika," akasema, "debe hili nimeliteka."

Watu wakacheka. Mtani akiteka kitu hukasiriki, unakomboa, ndio desturi. Nikamwambia, "Haya mtani, sema nikomboe kwa mikate mingapi."

Nikampa mmoja. Akaula wote, taratibu, akakung'uta makombo kwenye kanga. "Huu nimekula kwa utani. Debe bado."

"Mitano?"

"Unaniona nina njaa? Mimi mpika vitumbua."

"Basi wataka nini?"

"Namtaka huyu anayelibeba. Si wa kumla wala wa kumwoza. Nataka kila asubuhi nimwone akipita pale kwangu na daftari. Nikimwona hivyo mpaka aende huko kwenye shule yenu kubwa, utapata debe lako."

Wakacheka tena, nami nikacheka, lakini moyoni nilikuwa na hasira. Nilidhani ni wivu wa biashara, kwamba mkate wangu umemharibia vitumbua. Nadhani aliisoma hasira hiyo usoni mwangu, kwa sababu aliacha kucheka. Akamvuta Dominika, akamfungua kitambaa cha kichwani.

"Wewe ni mkunga," akaniambia. "Njoo umpapase na huyu."

Kaka, utosini nywele zilikuwa zimekatika. Kiraka cha upana wa kiganja, kimekuwa sugu kama kisigino, pale kata ya nguo na debe vinapokaa. Mimi napapasa vichwa vya watoto wa watu kila siku, najua kipi kimelala vibaya hata kabla hakijatoka. Cha mwanangu sikuwa nimekigusa tangu Mei. Yeye alikuwa anajifunga kitambaa, nami nilidhani amekuwa msichana wa kujipamba.

Niliingia ndani. Nililia, nikatoka, nikawaambia watu wa kambi kwamba kuanzia Jumatatu sina mkate wa kila siku. Mmoja akasema, "Mama, mabomba yanakaribia, vumilia kidogo." Nikamwambia akavumilie yeye. Bibi Fatu aliondoka na debe langu kichwani, likiwa tupu, anaimba.

Jumatatu Dominika alirudi darasani. Siku hizi naoka Jumatano na Jumamosi tu, kwa maji ninayoyabeba mwenyewe nikiwa na nafasi, na madebe mawili matatu anayoleta Baba Dominika kwa baiskeli. Mara ya kwanza alipopanda na madebe yale, wanaume wa njiani walimwuliza, "Mwalimu, kumbe umeolewa wewe?" Akawajibu kwamba ndiyo, na mahari yake ni mkate wa moto, na wao wakalale njaa. Mikate ni michache na wanunuzi wananung'unika, lakini inatosha kujaza sanduku polepole. Biashara sijaiacha, Kaka, wala sitaki uniambie niache. Naipenda.

Ningekuwa na hayo tu ningeweza kuendelea kukuficha, najijua. Lakini Mama Mkubwa Anjelina amesikia huko Lukuledi kwamba Dominika ametoka shule. Habari hiyo ilifika kwake na dereva wa lori, na habari ya kurudi haikufika, au ilifika ikaonekana haina maana. Ameagiza mtoto apelekwe mwishoni mwa Septemba achezwe unyago pamoja na mabinti wa mwanawe Isabela. Nguo zimekwisha nunuliwa. Na kuna watu, anasema, wamekwisha kuja kubisha hodi kwa heshima, wanangojea atoke wampose.

Mimi sipingi unyago. Nilichezwa mimi, na Dominika atachezwa. Lakini akiingia Septemba atatoka baada ya mtihani, na akitoka atawakuta wale wa kubisha hodi wamekaa kibarazani. Nimetuma ujumbe kuomba asubiri mwakani. Mama Mkubwa amejibu kwa maneno machache: "Wewe ndiye uliyemtoa shule. Wa kusema sasa ni Ambrosi." Na hapo hakukosea. Wewe ndiye mjomba, na marehemu mama hayupo wa kunisaidia kuomba.

Kwa hiyo naomba, Kaka. Mwandikie Mama Mkubwa, kwa mkono wako, maana hata asipojua kusoma anaujua mwandiko wako na humpa katekista asome kwa sauti mbele ya watu. Mwambie mtoto anangoja mtihani. Usiniokoe kwa kusema uongo. Sema dada yako alikosea, sema hata jambo la debe ukipenda, ili mradi useme kabla ya tarehe ishirini Septemba. Barua hii itachukua wiki mbili kukufikia, na yako wiki mbili hivi kufika Lukuledi. Nimehesabu na kurudia. Ukiandika siku hiyohiyo, inawahi. Ukikasirika wiki nzima kwanza, haiwahi. Andika kwanza, hasira utanitumia baadaye, nitazipokea zote.

Kuna jingine. Ile nguo ya marekani ya buluu uliyotuma mwaka jana ya sare yake ya shule ya kati. Uliniuliza kama nimeishona, nikakwambia iko salama. Ilikuwa salama juu ya unga. Nilikuwa naufunikia ili uumuke. Nimeifua mara tatu na bado inanuka hamira kidogo ukiisogeza puani. Juzi nimeikata na jana nimeanza kuishona.

Msalimie sana Wifi Emilia, mwambie aendelee kuniandikia siri zako. Msalimie Walter na mdogo wake, wasome. Baba Dominika anakupa pole ya mguu. Bibi Fatu naye amesikia nakuandikia, anasema wewe kama ndugu yangu ni mtani wake pia, na siku ukija Newala usivae kofia unayoipenda.

Mungu awalinde huko kwenye mkonge, awape riziki isiyowachoma, na atufikishe sote siku ya kukaa jamvi moja.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata katika wiki utakayonikasirikia,

Scholastika.

Nimefungua tena bahasha. Jioni hii nimempima Dominika ile sare. Nilitaka kukunja pindo la vidole viwili ili nguo imkae vizuri. Akanishika mkono, akaniambia nimwachie pindo refu, la kufumuliwa kila mwaka, kwa sababu shule ya kati ni miaka minne.